Viduara vya Mzee Peng

Kanuni moja ya darasa langu imewaudhi wengi wenu, nami najua mnaizungumza mkishateremka ngazi za nyumba hii ya Bukoto na kufika barabarani. Mtu akiletewa barua ya mwingine aitafsiri, au akiombwa amwandikie asiyeweza kushika kalamu, namkataza kuipamba. Namkataza hata kuisahihisha. Mmoja wenu, ambaye sasa ana kazi nzuri katika ofisi ya forodha, aliniambia waziwazi kwamba hiyo ni kanuni ya mvivu. "Mwalimu," alisema, "umetufundisha miaka miwili kuandika Kichina kizuri, sasa unatutaka tuandike kibaya." Sikumjibu siku ile. Jibu lake ni refu, na ndani yake yumo mtu. Sasa nimestaafu, sina pa kukimbilia, kaeni niwaeleze.

Nilizaliwa katika nyumba ya barua. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Kampala, mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka pwani kutafuta pembe na ngozi, wakaoa, wakabaki. Alasiri, watoto wa chuo wakishaondoka, watu waliingia barazani mmoja mmoja kuandikiwa barua kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Baba alikuwa na mwanzo wake mmoja usiobadilika: sifa za anayeandikiwa, dua ya afya yake, salamu kwa wazee wake kwa majina, na baada ya hayo yote ndipo neno lenyewe. Mchinja ng'ombe, mjane na askari aliyeachishwa kazi wote walizungumza kwa sauti moja, sauti ya baba. Hata hivyo, kabla ya kuikunja karatasi, aliigeuza na kumpa kalamu mwenye barua atie alama yake. Mmoja alichora unyayo wa kuku. Mwingine alipiga mstari mmoja, akaukata kwa mwingine. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kumwagia wino mchanga ili ukauke, niliziona alama hizo ni uchafu kwenye karatasi safi. Nilimwuliza baba kwa nini aliwaruhusu. Alisema hiyo ndiyo sehemu ya barua ambayo yeye hakuweza kuwaandikia. Nililisikia neno hilo, nikalisahau kwa miaka arobaini.

Kichina nilikwenda kukisomea kwao. Mwalimu wangu mkuu alikuwa mama mmoja mnyamavu, Mwalimu Shen, mwenye kidole cha shahada kilichopinda kwa kushika kalamu ya brashi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika kwa maji. Asubuhi tulishika brashi ndefu, tukaichovya ndooni, tukaandika juu ya mawe ya uwanja. Herufi ya kwanza ilikuwa imekwisha kukauka kabla hujafika ya kumi. Ninyi mnaonung'unika ninapowapa ndoo na kuwatoa kwenye saruji ya nyuma ya nyumba yangu, jueni kwamba silengi kuwachekesha majirani. Kila herufi ina mipigo yake ya kalamu, na kila mpigo una zamu yake: wa juu kabla ya wa chini, wa kushoto kabla ya wa kulia, na mpigo unaofunga kisanduku huja mwisho, kama mlango wa nyumba unavyofungwa wageni wakishaingia. Simu zenu zinawaandikia leo. Mnagonga sauti ya neno kwa herufi za Kilatini, na herufi ya Kichina inajitokeza yenyewe ikiwa imenyooka. Sizilaumu simu. Ila mkono ambao haujawahi kukosea zamu ya mpigo hauwezi kumtambua mwenye kukosea, na kumtambua ni nusu ya kazi yetu.

Mwalimu Shen alitufundisha lugha mbili katika moja. Karne moja na ushei iliyopita waandishi wa China waliiacha lugha ya vitabu vya kale, ambayo hakuna aliyeisema jikoni wala sokoni, wakaanza kuandika jinsi watu wanavyosema. Ndipo riwaya mpya zilipozaliwa, na hadithi za wapagazi na wafua nguo, watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na sauti karatasini. Mwalimu Shen aliyaheshimu mageuzi hayo. Mimi niliyasoma, nikayafaulia mtihani, kisha nikarudi kwa siri kwenye lugha ya kale. Niliyapenda yale mafungu ya maneno manne manne yaliyorithiwa tangu enzi za wafalme, ambayo mtu akiyapanga vizuri huonekana msomi hata kabla hajasema jambo. Insha yangu ya mwisho ilijaa mafungu hayo. Alinirudishia ikiwa na alama ya juu, na pembeni ameandika kwa penseli: "Nimeona kila mtu humu isipokuwa wewe." Nilisherehekea alama. Penseli nikaipuuza.

Niliporudi Kampala, kazi ya ukalimani ilinipa ujuzi na aibu kwa vipimo sawa. Katika mwaka wangu wa kwanza nilialikwa kutafsiri kwenye chakula cha jioni cha mkandarasi mmoja. Meza ilikuwa na sahani zisizopungua ishirini. Mwenyeji akasimama, akaomba radhi kwamba hakuna chakula. Hiyo ni adabu yao, mwenye nyumba huidunisha meza yake ili mgeni aisifu. Nami, kwa uaminifu wa kitoto, nikatangaza kwa Kiswahili kwamba hakuna chakula. Mzee mmoja wa Kiganda akamtazama bata aliyelala mbele yake, akanitazama mimi, akauliza kwa upole kama huyo bata ni wa kukodi. Tangu siku hiyo nilijifunza kutafsiri adabu kwa adabu. Somo hilo lilikuwa sahihi. Ubaya wake ni kwamba nililipenda kupita kiasi, nikaanza kuamini kwamba kila asemaye anahitaji kuvishwa na mimi kabla hajatoka nje.

Sasa nafika kwa Mzee Peng.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Foromani wa saiti moja ya maghorofa, kijana wa Kiganda aitwaye Kato, alinipigia simu asubuhi ya Jumatatu. Alinipokea kwenye lango la hospitali ndogo ya binafsi kwenye mteremko wa Naguru, kofia yake ya saiti bado kichwani. Alieleza kwamba fundi wao wa mbao za zege alikuwa ameangukiwa na boriti wiki tatu zilizopita, akajifunga kitambaa, akaendelea na kazi. Siku nne zilizopita mkono wake wa kulia ulilegea, kisha nusu ya uso. Daktari alikuwa ameona damu iliyovilia ndani ya fuvu, ikiubana ubongo.

"Ssebo, daktari anataka kufungua kichwa kesho," Kato alisema. "Mzee amekataa kutia kidole kwenye fomu. Anasema mpaka bibi yake aseme ndiyo. Na bibi hasikii, simu ya sauti haimsaidii. Iko China, kijijini kabisa."

Mzee Peng alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mipana kama pauro. Akili yake ilikuwa nzima na ulimi wake mzito. Alisema lahaja ya milimani ambayo nililazimika kuifuata kwa makini, neno kwa neno. Mkewe, alinieleza, alipoteza masikio kwa homa akiwa mtoto wa miaka sita. Tangu walipooana hawakuwahi kuzungumza kwa mdomo. Mume akiwa karibu, mke alimsoma usoni. Akiwa mbali, alimsoma kwenye karatasi: mume aliandika, akapiga picha, akaituma kwenye simu ya mwenye duka wa kijijini, naye akaichapisha na kumpelekea. Katika ndoa yao jambo kubwa lilikuwa halijaamuliwa na mmoja bila mwingine, na kufunguliwa kichwa aliliona kuwa jambo kubwa. Sasa mkono wa kuandikia ulikuwa umekufa, ndiyo maana niliitwa.

Daktari, dada mdogo wa umri na mpole wa maneno, aliniambia mbele ya mgonjwa nimtafsirie: upasuaji ufanyike kesho, Jumanne, kila siku itakayopita ina uzito wake, na mtu mwenye akili timamu hawezi kupasuliwa bila ridhaa yake. Nilitafsiri yote. Mzee Peng aliitikia kwa kichwa, akaniambia niandike.

Maneno yake nayakumbuka kama yalivyotoka. Wa nyumbani, alisema, kwani hivyo ndivyo alivyomwita mkewe. Kichwa kimeumia. Daktari anataka kukifungua. Nifunguliwe au nisifunguliwe. Sema. Na nguruwe umeshamuuza?

Hayo tu. Niliketi kwenye benchi la korido, nikatoa karatasi nzuri niliyoihifadhi kwa hafla na kalamu yangu ya brashi, nikaandika barua ambayo mpaka leo naweza kuisema kwa ghaibu. Nilifungua kwa hali ya majani yanayoanguka mbali na mti wake. Nikasema habari ya maradhi kwa mafungu ya maneno manne, mawili mawili yakiitikiana kama mabawa ya mlango. Nikaiomba hukumu yake kwa unyenyekevu uliompasa mke mwenye hekima. Nguruwe nikamwacha. Lau ningemwacha kwa sababu za dini, ningekuwa na udhuru mbele ya baba yangu. Nilimwacha kwa sababu za fasihi, nikiona hastahili kukaa chini ya paa lile.

Nilimsomea. Alisikiliza macho yakiwa darini, kisha akasema ni nzuri, ni kama maandishi ya milango ya hekalu. Akaniuliza kama yeye ndiye aliyesema hayo yote. Nikamwambia ndiye. Nilidhani ananishukuru, nikaipiga picha na kuituma kwa mwenye duka.

Jumanne haikuleta jibu. Chumba cha upasuaji kilikaa tayari mpaka adhuhuri, wakampa mgonjwa mwingine. Jibu liliingia kwenye simu yangu Jumatano asubuhi, picha ya karatasi yenye mistari miwili ya herufi kubwa, zilizosimama wima kama vigingi. Iliandikwa hivi: "Wewe uliyeandika, ni nani? Mume wangu yuko wapi?"

Chini yake mwenye duka aliongeza maelezo ya upande wake. Katika kijiji kile mtu mmoja alikufa kwenye machimbo ya mbali, na waajiri wake walikaa miezi wakimwandikia mjane barua nzuri ili asije kudai. Mama Peng aliposoma barua yangu aliiweka mezani, akavaa nguo nyeupe za msiba.

Vijana wangu, hapa ndipo penye kosa lenyewe. Yale ya kwanza yalikuwa ujinga tu. Nilirudi chumbani, Mzee Peng akaniuliza kwa macho, nami nikamwambia jibu halijafika. Nilijiambia simshtui mgonjwa. Kwa kweli nilikuwa ninailinda barua yangu. Nikaenda kwenye benchi nikaandika ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, nikijitambulisha kwa mama yule: nilikosoma, shahada zangu, jina la herufi tatu alilonipa Mwalimu Shen, mihuri miwili. Nilidhani anayeshuku huondolewa shaka kwa cheo. Nikaituma. Alhamisi ikapita bila jibu. Ijumaa ikapita. Daktari alikuja mara mbili kila siku akamwambia anyanyue mkono, na kila mara mkono ulinyanyuka chini kidogo ya jana. Maneno ya Mzee Peng yakaanza kuchelewa. Aliyatafuta kama mtu anayepapasa kibiriti gizani.

Aliyenifumbua macho hakujua Kichina hata neno. Ni nesi wa zamu, Sista Nafula, Mkenya wa Busia, mama mcheshi aliyeimba nyimbo za kanisani akibadilisha shuka. Tangu siku ya kwanza alinitania kwa jinsi ninavyosema. Jumamosi asubuhi nilimwomba kwa heshima zote aniwie radhi kwa kukalia njia yake, naye akasimama na beseni mkononi.

"Mwalimu," alisema, "hiyo Kiswahili yako imevaa tai. Mtu anaogopa kuisalimia."

Nikacheka kwa adabu. Yeye hakucheka. Akaniuliza kama barua ya mzee nayo niliivisha tai. Akasema yeye akiwa masomoni, mama yake alikuwa akimwandikia ujumbe mbovu kabisa, maneno yamekatwa, nukta hakuna, na siku moja ukamjia uliopangika vizuri, na kabla hajaumaliza alijua mama amelazwa na anayeandika ni kasisi. Akaenda zake na beseni lake.

Niliingia chumbani, nikaketi, nikamwonyesha Mzee Peng ujumbe wa mkewe. Nilimwambia uliingia Jumatano. Nikamwambia nilimficha, na kwamba nguruwe nilimtoa, na kwamba mkewe amevaa nyeupe. Niliyasema kwa lugha ya kawaida, kwani nyingine yote ilikuwa imenikimbia.

Aliutazama tena mwandiko wa mkewe. Kisha upande mzima wa uso wake ukatabasamu.

"Umenivika joho," alisema polepole, "ukanipeleka nyumbani kwangu. Mbwa wangu mwenyewe amenibwekea."

Nilipendekeza nimpige picha, mkewe amwone yu hai. Alikataa kwa mkono mzima. "Yeye hasikii. Uso wangu ndio sauti anayoijua. Huu siyo." Akaelekeza kidole cha kushoto kwenye mfuko wa koti lake lililoning'inia ukutani. Ndani yake mlikuwa na bahasha ya karatasi zilizokunjwa, nakala za barua zake za miaka yote ya kazi za mbali. Nilizifungua. Mwandiko ulikuwa mnene, mipigo mingi imeachwa, mingine imepigwa nje ya zamu. Na kila baada ya maneno mawili matatu palikuwa na kiduara kitupu, kama shimo la kupandia mbegu.

Nilimwuliza hivyo ni nini. Alinieleza kwamba alisoma miaka miwili tu. Herufi asiyoijua huweka kiduara, na mkewe huiangalia barua yote, akakijaza kwa kichwa chake. Miaka ya kwanza alikosea mara nyingi, sasa hakosei. Mara nyingine, alisema, humjazia neno zuri kuliko alilokuwa nalo yeye.

Basi niliweka karatasi juu ya ubao wa kulia chakula, karatasi ya kawaida ya daftari, nikaishika pembe mbili isiteleze. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote ya ukalimani siku hiyo, kushika pembe mbili za karatasi. Alichukua penseli kwa mkono wa kushoto ambao haukuwahi kuandika. Kila herufi ilimchukua muda wa kuchemsha chai. Mara mbili penseli ilianguka, Sista Nafula akaiokota. Nilimwona akikosea mpigo, na mkono wangu uliwasha kama upele. Nikaung'ang'aniza kwenye pembe ya karatasi. Alipofika kwenye neno la upasuaji alisita, akanitazama. Nililijua neno hilo. Nililijua kwa namna tatu za mwandiko. Aliyarudisha macho kwenye karatasi, akachora kiduara.

Barua iliyotoka ilisomeka hivi: Wa nyumbani. Kichwa kiduara. Daktari kiduara. Ndiyo, siyo. Nguruwe umeuza?

Niliipiga picha kama ilivyo, na kivuli cha kidole changu pembeni. Jibu lilikuja kabla ya alasiri kwisha. Mwenye duka alisema mama aliisoma akiwa amesimama, akaketi chini palepale dukani, akaomba kalamu. Nilimsomea mumewe bila kuongeza wala kupunguza: "Fanya. Nguruwe bado. Rudi umuuze mwenyewe."

Mzee Peng alitia kidole kwenye fomu. Alifunguliwa kichwa Jumapili asubuhi, siku tano baada ya ile aliyokuwa amepangiwa. Kato alikuja na mafundi wenzake wawili, tukasimama nje tukitazama bonde la upande wa Mulago. Damu ilitoka yote. Aliishi. Mkono ulirudi kiasi, mguu ukarudi, uso ukakaribia kunyooka. Ulimi haukurudi. Alielewa kila kitu, wala hakutamka neno jingine tangu siku hiyo.

Nilimfuata daktari koridoni, nikamwuliza kama zile siku tano ndizo zilizochukua ulimi wake. Angeweza kunivisha jibu zuri, kwani alikuwa mtu wa huruma. "Huenda ndizo," alisema. "Huenda sizo. Sitajua, wala wewe hutajua." Namshukuru kwa kutonipamba. Jibu hilo nimelala nalo na kuamka nalo, na sikuwahi kuomba jingine kwa mtu mwingine.

Mzee Peng alirudishwa kwao baada ya wiki sita. Mimi nilibaki na kazi ambayo hakuna aliyenituma. Nilitaka kumwandikia mkewe barua ya kukiri. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu, nayo ilikuwa na majani yanayoanguka. Nikaichana. Ya pili ilikuwa na Mwalimu Shen na baba yangu, kana kwamba wao walikuwa na deni lolote kwa mama yule. Nikaichana. Niliendelea hivyo muda wa mwezi, kila rasimu ikipungua, mpaka nikabakiwa na mistari minne: Mimi ndiye niliyeandika ile barua ya kwanza. Maneno ya mumeo niliyabadilisha. Jibu lako nilimficha siku tatu. Huenda ulimi wake ulipotea kwa sababu hiyo. Sikutia lile jina la herufi tatu, maana lilikuwa zuri mno kwa kazi hiyo, wala sikutia mihuri. Niliiacha bila jina. Halafu nikaituma.

Jibu lake halikuja siku hiyo wala mwezi huo. Lilikuja mwaka mpya wao ulipoingia, na ndilo mnaloliona kwenye fremu juu ya rafu ya kamusi, ambalo kila mwanafunzi mpya huniuliza ni la mshairi gani. Sasa mnajua. Anasema hivi:

"Miaka arobaini mimi sikusikia, naye alinivumilia. Sasa yeye hasemi. Tumelingana. Nilikuchukia majira ya baridi yote. Nguruwe tumemuuza pamoja."

Juu kabisa ya karatasi, pale pa kuweka jina la anayeandikiwa, hapakuwa na jina, kwa kuwa barua yangu ya kukiri haikuwa nalo, na lile la herufi tatu hakulitumia. Alikuwa ameweka kiduara kimoja, kitupu. Yeye alisoma kuliko mumewe. Herufi za kunitukana hazikumshinda, wala za kunisamehe. Bado alichagua hicho.

Kalamu ninazo za kila aina, na mara nyingi mkono umeniwasha. Kiduara nimekiacha kama alivyokiacha.